Saa Janja na Hesabu ya Mikwaju

Neno "janja" halina sifa njema Pwani. Muuzaji akiitwa mjanja, wanunuzi hushika mifuko yao. Na mtoto akisifiwa ujanja mbele ya bibi yake, bibi hukunja uso kwanza, ndipo akatabasamu. Walioitafutia jina ile saa ya kisasa inayohesabu hatua na kusikiliza mapigo ya moyo, wakaiita "saa janja", huenda hawakulifikiria jambo hilo. Lakini kwa mzee mmoja wa Unguja, anayeishi Uskoti tangu katikati ya miaka ya 1960, jina hilo lilikuja kuwa na kisa. Saa ile ilimfunulia siri ya mwenziwe, na siri yenyewe haikuwa ile aliyoidhania.

Mzee huyu aliujua mchezo wa gofu kabla ya kuijua lugha ya wenyewe. Katika zama za Waingereza, viwanja vya Mnazi Mmoja vilikuwa na sehemu ya gofu, na yeye, mtoto wa Ng'ambo, alikwenda huko baada ya chuo kuwabebea wakubwa mifuko ya fimbo kwa senti chache. Kedi hana ruhusa ya kusema, ila ana macho. Bwana alipopiga mara saba, kisha akamwambia mwenziwe "tano", mtoto aliyesimama nyuma na mfuko begani alijua kuwa ni saba. Alikuwa akizihesabu kwa kukunja vidole, kimoja kimoja, kama avutaye uradi. Alinyamaza. Hapana aliyemuuliza; na lau angeulizwa, naye angesema tano, maana senti zake zilikuwa mfukoni mwa yule aliyesema tano.

Uskoti aliukuta mchezo ule ule ukiwa na sura nyingine. Huko gofu si mali ya wakubwa peke yao. Ni mchezo wa kale wa nchi, uliowapendeza watu hata mfalme James wa Pili akaupiga marufuku mwaka 1457, kwa kuwa vijana waliacha kujifunza upinde kwa ajili yake. Na desturi ya kucheza mashimo 18, iliyoenea dunia nzima, ilianzia St Andrews mwaka 1764, pale mashimo 22 ya awali yalipopunguzwa. Katika miji midogo ya mwambao wa mashariki viko viwanja vya halmashauri, juu ya vichuguu vya mchanga na nyasi fupi, ambako fundi bomba na mwalimu hucheza kwa ada ndogo. Kuna upepo huko. Unguja upepo utokao kaskazini ni kaskazi, upepo wa majahazi na wa wageni. Huko Uskoti utokao upande huo hupasua midomo.

Mzee alifanya kazi ya uuguzi mpaka alipostaafu. Gofu aliianza yu mtu mzima, na kwa miaka 22 amecheza kila Alhamisi na mtu mmoja, fundi bomba mstaafu, mwenyeji wa mji huo. Anayeshindwa hununua chai. Katika miaka hiyo yote wamezungumza machache mno, kama wavuvi wawili wa mtumbwi mmoja. Lakini yule fundi amejifunza kuhesabu kwa Kiswahili, kwa kumsikia mwenziwe akizikunja hesabu zake kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu.

Gofu haina mwamuzi anayemfuata kila mchezaji. Katika mashindano wachezaji hubadilishana kadi, kila mmoja akaandika mikwaju ya mwenziwe, na mwisho wote wawili wakatia saini. Wawili hawa waliifuata desturi hiyo hata katika mchezo wao wa chai. Kila baada ya shimo Mzee huuliza, mwenziwe hutaja idadi, naye huiandika.

Mambo yalianza kuharibika taratibu. Fundi alisema "tano", ilhali vidole vya Mzee vimekunjwa sita. Wiki nyingine alisema "nne" kwa sita. Mzee aliandika alichoambiwa. Kwa sheria za mchezo, mwandishi wa kadi anayethibitisha idadi huku akijua ni ya uongo anastahili kuondolewa mashindanoni. Lakini hapo hapakuwa na mashindano, palikuwa na kikombe cha chai. Kilichomuuma si chai. Kilichomuuma ni kuwa alijiona amerudi Mnazi Mmoja, mfuko begani, kinywa kimefungwa. Alimwambia mkewe kuwa yule rafiki ni mwizi. Baadhi ya Alhamisi alianza kuwa na udhuru: goti, mvua, mgeni kutoka London. Hali hiyo ikadumu karibu miaka miwili.

Wapenzi wa gofu hukisimulia kisa cha Roberto De Vicenzo wa Argentina. Tarehe 14 Aprili 1968, siku aliyotimiza miaka 45, alimaliza duru ya mwisho ya mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, kwa mikwaju 65. Mwandishi wa kadi yake, Tommy Aaron, alikosea shimo la 17 akaandika nne badala ya tatu, naye De Vicenzo akatia saini bila kuangalia sawasawa. Sheria haikutazama macho ya maelfu walioiona ile tatu. Ilitazama saini. Aliyesaini pungufu huondolewa, aliyesaini zaidi hubaki na zaidi yake. Basi akahesabiwa 66, akakosa kwa mkwaju mmoja kurudiana na Bob Goalby, ambaye ndiye aliyetawazwa. Mzee alikipenda kisa hiki, na katika miaka ile miwili alikikumbuka kwa uchungu: huko mtu alidhulumiwa na kalamu ya mwenziwe, na huku kalamu yake yeye ilikuwa ikimsaidia mtu kudhulumu.

Ndipo saa ilipokuja. Binti wa fundi alimnunulia baba yake saa janja ya gofu, na Alhamisi iliyofuata fundi aliivaa kwa furaha ya mtoto wa Idi. Saa ya namna hii ina kifaa kinachohisi mwendo wa mkono na mshtuko wa fimbo inapokutana na mpira. Mtu akiipitisha fimbo hewani kwa kujaribu, saa aghalabu haihesabu. Akipiga, inahesabu, na papo hapo inauliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu ya dunia mahali aliposimama. Baada ya mchezo, simu huchora ramani ya kiwanja kizima, na kila mkwaju ukawa mstari.

Katika shimo la saba Mzee aliuliza, na fundi akajibu, "Tano." Kisha fundi akaitazama saa, akacheka, akasema imeharibika. Saa ilikuwa imehesabu sita kabla hata ya kufika kwenye ile duara ya nyasi laini inayozunguka shimo. Akaitikisa. Akaifungua ile ramani, akafuata mistari kwa kidole: huu wa kwanza, huu wa mchangani, huu... Kidole kikasimama. Mzee, aliyekuwa akingoja kuona uso wa mwizi aliyekamatwa, aliona uso mwingine, wa mtu aliyerudi kwake usiku akakuta mlango haupo pale alipouacha. Mara tatu alikuwa amepiga mchangani. Hakukumbuka hata moja.

Mzee alikuwa muuguzi. Alikwisha kuona nyuso kama hizo wodini, tena nyingi, naye ndiye aliyekuwa akiwaeleza jamaa za wagonjwa dalili zake kwa upole. Kwa miaka miwili alizitazama dalili zile zile kwa mtu anayempenda, akazipa jina la wizi, kwa sababu utotoni alifundishwa kuwa anayepunguza hesabu anajua anachokifanya. Usiku ule alimwambia mkewe, "Nimemsingizia mtu." Mkewe hakumjibu. Baadaye walipata yakini kuwa binti alikwisha kuanza kuhangaika kabla ya hapo, na kuwa daktari alikwisha kuonwa.

Sasa, saa ile ina upungufu mmoja, na wanaoitumia wanaujua. Mikwaju mikubwa inaiona. Ile midogo ya mwisho, ya kuusukuma mpira kwa upole mpaka utumbukie, haina kishindo cha kuishtua. Na shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu, ilhali makosa ya setilaiti huhesabiwa kwa mita. Wengine hununua vihisio vidogo vya kufunga kwenye mikia ya fimbo. Fundi hana. Kwa hiyo kila shimo likimalizika, saa humuuliza aliyeivaa: umesukuma mara ngapi? Profesa Mark Broadie wa chuo kikuu cha Columbia, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alionyesha kwa takwimu kuwa tofauti kubwa baina ya wachezaji iko zaidi katika mikwaju ya mbali kuliko katika hiyo midogo, na kuwa hata mabingwa, kwa umbali wa futi nane, hukosa nusu ya misukumo yao. Maneno hayo yanamfaa anayetaka kushinda. Kwa wazee hawa wawili uzito wote umehamia kwenye ile midogo, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo bado inahitaji mtu wa kuikumbuka.

Wanacheza bado, mashimo tisa badala ya 18. Mzee haulizi tena. Anahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, mikwaju ya wote wawili, na fundi huitikia. Alhamisi moja ya mwezi wa Septemba, kwenye shimo la nne, mpira wa fundi ulisimama hatua mbili kutoka shimoni. Akausukuma, ukapita kando. Akausukuma tena, ukazunguka ukingo, ukatoka. Mara ya tatu ukaingia. Saa ikatetema ikiuliza idadi yake. Fundi akainua mkono, akamwonyesha mwenziwe kioo.

"Mbili," alisema fundi, kwa Kiswahili chake.

Mzee aliangalia vidole vyake. Palikuwa na njia nyepesi, na chai haikuwa ghali.

"Tatu," alisema.

"Si mbili?"

"Tatu, ndugu yangu."

Fundi alibonyeza tatu. Kisha akageuka, akashika njia ya shimo la pili, walikotoka. Mzee alijitwika mfuko wake begani, akalivuta toroli la mwenziwe kwa mkono wa pili, akamwita kwa jina, na kumwonyesha kwa kidevu upande wa bahari.