Vyuma Vitatu na Skuta Moja

Mombasa ukijitambulisha kuwa mzamiaji, watu hukuuliza uliteremkia bandari gani, maana mzamiaji kwetu ni kijana aliyejificha ndani ya meli akielekea Ulaya. Kwa hiyo mimi hujiita mpiga mbizi. Miaka kumi na zaidi nimekuwa nikiipiga picha MV Dania, ile meli ya kubebea mifugo iliyozamishwa makusudi nje ya Nyali mwaka 2002 ili samaki wapate makao. Ndiyo maana Septemba 2019, nilipofika Long Beach, California, nikiwa na kasha la kamera zito kama mtoto wa mwaka mmoja, nilidhani chuma cha baharini nakijua.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda majukwaa ya mafuta. Yako matatu jirani: Ellen na Elly, yaliyounganishwa kwa daraja, na Eureka lililosimama peke yake upande wa bahari kuu. Tuliondoka alfajiri, ukungu umelala juu ya maji, na kabla hatujaliona jukwaa tulisikia honi yake ikilia. Kisha likatokea lote kwa mpigo, refu kama ghorofa, taa zinawaka, na watu wakifanya kazi juu. Hapo ndipo tofauti ya kwanza iliponigusa. Dania ni maiti ya meli. Hiki kilikuwa chuma kilicho kazini.

Ellen na Elly yako kwenye maji ya mita 80 hivi. Eureka ni zaidi ya mita 200, yaani pima mia na kitu. Nahodha wa kwetu ukimtajia pima mia atakuuliza nanga utaifunga kwa kamba ya nani. Na kweli, hapo nanga haitiwi, wala chombo hakifungwi kwenye jukwaa. Boti inasogea, nahodha anaitoa gia, mnaruka kwa kundi upesi upesi, nayo inaondoka kwenda kuwangoja mbali. Mkitoka, mnasubiri mkielea hadi ije iwaokote. Kule Nyali tumezoea kushuka polepole tukishika kamba ya boya, na asiyejisikia vizuri hurudi juu kwa kamba hiyo hiyo. Eureka hakuna kamba, hakuna sakafu. Mpiga mbizi wa kawaida mwisho wake mita 40, na chini yake kuna giza la mita 160 nyingine. Kalamu ikikuponyoka, iage.

Baridi sitaieleza sana. Maji yalikuwa nyuzi 16, nami nimezoea 28. Suti ya mpira ya milimita saba ilinifanya nitembee kama mtu aliyefungwa godoro.

Lakini chini! Miguu ya jukwaa na mihimili yake ya mshazari haionyeshi chuma hata inchi moja. Kila mahali kome, wakubwa kuliko kiganja, wamepandana tabaka juu ya tabaka, na juu yao viti vya pweza vya rangi ya chungwa vinawala bila haraka. Kati ya kome kulikuwa na ukungu wa kijivu ulioshikamana na nguzo, nikaudhania uchafu. Nikapiga flashi moja kujaribu tu, nikatazama kioo cha kamera: ukungu ule ni waridi iliyokolea, maelfu ya anemoni, kila moja haizidi kifungo cha koti, ncha zao nyeupe. Maji hula rangi nyekundu kwanza. Ukishuka mita chache tu jicho huiona kama kijivu. Flashi hurudisha ile nyekundu, lakini kwa kilicho karibu tu, mita moja, ukibahatika moja na nusu. Kwa hiyo mpiga picha wa jukwaa ana kazi mbili zinazogombana: anemoni wanamtaka asogee hadi pua iguse, na jukwaa lenyewe, lenye ukubwa wa msikiti na minara yake, linamtaka arudi nyuma kabisa.

Hapo ndipo inapoingia skuta.

Ni bomba fupi nene, kama mtungi wa gesi ya kupikia uliolazwa, lenye betri ndani na rafadha nyuma. Inafungwa kwa kamba kwenye mkanda wako wa kiunoni, unashika mikono yake, unabonyeza kifyatuo, nayo inakuvuta. Mwendo wake wa kawaida ni kama mita 50 kwa dakika, sawa na mtu anayetembea sokoni bila kitu cha kununua. Unaona ni pole, mpaka uwe ndani ya mkondo unaokupeleka usikotaka. Skuta ya maana bei yake huzidi bodaboda mpya, kwa hiyo niliikodi. Dakika kumi za kwanza nililizunguka jukwaa lote, nikapita katikati ya mihimili na kutokea upande wa pili, nikacheka ndani ya mdomo wa hewa hadi maji yakaniingia. Kwa mapezi nisingemaliza hata upande mmoja.

Picha za dakika hizo kumi nilizifuta zote. Skuta inataka mikono miwili, na kamera nayo mikono miwili. Nilikuwa nimeining'iniza kamera kifuani, mikono ya flashi ikipepesuka kama mbawa za kuku. Kila nilipoachia kifyatuo ili nipige, mkondo ulinichukua kabla sijatulia, na chembe zote za majini zikatokea pichani kama mvua ya mawe. Mara ya tatu, kamba ya kamera, uzi wa kawaida niliofunga mwenyewe nyumbani, ukanyonywa na rafadha. Skuta ikakoroma na kusimama. Nikabaki nimefungwa tumbo kwa mashine, kamera imenibana kidevu, mita 20 chini ya maji na mita 180 juu ya sakafu. Mwenzangu, mama mmoja mwenye mvi aliyekuwa akinichunga tangu asubuhi, alikuja bila papara, akatoa kisu chake, akaukata uzi, akaninyooshea kidole kwanza kwenye skuta, kisha kwenye kamera, halafu akakunjua viganja vyote viwili kama muuza nazi: chagua.

Nilichagua kamera. Nikampa yeye skuta aivute pamoja na yake, nikajibanza nyuma ya nguzo pana, mahali mkondo unapokatika, nikaupanga mwanga wa flashi nje kabisa pande mbili. Simba wa baharini mmoja alishuka, akakitazama kioo cha kuba cha lenzi yangu, nadhani akajiona, akapuliza povu na kuondoka. Kisha yule mama akapita kule mbali kati ya mihimili miwili, amelala juu ya skuta, jua liko mgongoni kwake, kundi la samaki wadogo likigawanyika kumpisha. Nilipiga mara nne bila flashi. Katika picha hizo Eureka imepata ukubwa wake kwa mara ya kwanza, kwa sababu jicho linampata mtu, mdogo kama mdudu kwenye nguzo. Skuta kumbe ni chombo cha picha, mradi iwe kwa mwenzako.

Nililinganisha Eureka na Mabul. Kule Sabah, Malaysia, mwaka 2017, nililala kwenye jukwaa la zamani lililogeuzwa hoteli ya wapiga mbizi. Asubuhi lifti inakuteremsha hadi majini kama ndoo kisimani. Chini yake hakufiki mita 20, mchanga mtupu na mabaki ya vyuma, na watu hukaa saa nzima mbele ya samaki chura mmoja asiyejongea. Skuta pale ingekuwa balaa: upepo wa rafadha ungeinua mchanga wote na kundi zima lingekutazama vibaya. Mabul ni pa mwenye subira na lenzi ya karibu. Niliporudia picha zake sikuweza kumwonyesha mtu hata moja inayosema hili lilikuwa jukwaa la mafuta.

Dania iko katikati ya majukwaa hayo mawili. Sakafu ipo, mita 30 hivi, mkondo upo lakini una saa zake, na ukijua kuusoma mwezi unakwenda wakati wa maji mafu badala ya bamvua. Chewa wamo, mkunga yumo, wala sihitaji injini kuizunguka. Ila kwa wingi wa viumbe, siwezi kuitetea mbele ya Eureka. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Jeremy Claisse walichapisha kwamba majukwaa ya California ni miongoni mwa mahali penye uzalishaji mkubwa zaidi wa samaki palipopimwa baharini, ukihesabu kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Sababu yake niliiona kwa macho: nguzo inaanzia chini hadi juu ya maji, na watoto wa samaki wana pa kujificha kila ghorofa. Dania ina ghorofa za chini tu.

Si kwamba nimeanza kuyapenda mafuta. Oktoba 2021, miaka miwili baada ya safari yangu, bomba linalotoka Elly kwenda pwani lilivuja, na fukwe za Huntington Beach zikafungwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nanga za meli zilikuwa zimelikokota miezi kadhaa nyuma. Niliisoma habari hiyo Mombasa, picha ya yule mama ikiwa ukutani mbele yangu.

Kwa hiyo, ukifika Long Beach, kabla hujalipia boti uliza siku hiyo hiyo kama majukwaa yako wazi kwa wapiga mbizi. Yakiwa wazi, kodi skuta, mwenzako aiendeshe, na kamba ya kamera iwe fupi.