Mshairi Aliyetengwa na Ndugu Zake

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia baba yangu, ambaye ni fundi cherehani, katika baraza ya duka la mzee mmoja wa Kigujarati. Kila asubuhi mzee huyo huimba polepole huku akifungua makufuli. Siku moja, baada ya kumwamkia, nikamwuliza, "Mzee, wimbo huu ni wa nani?" Akajibu, "Ni wa Narsinh Mehta, mwanangu," akaanza kunieleza habari zake.

Narsinh Mehta aliishi katika karne ya 15 huko Junagadh, katika nchi ya Gujarat, magharibi ya Bara Hindi. Alikuwa Mbrahmin wa ukoo wa Nagar, watu wenye cheo kikubwa, lakini yeye mwenyewe alikuwa fukara. Kazi yake ilikuwa kumwimbia Krishna. Alitunga kwa Kigujarati, lugha ya watu wote, na Wagujarati humhesabu kuwa mshairi wao wa kwanza. Wimbo wake mmoja, uelezao tabia za mcha Mungu wa kweli, Gandhi aliupenda mno hata ukaimbwa katika sala zake.

Yasimuliwa kuwa watu wa tabaka la chini kabisa, walioonwa kuwa najisi wasioguswa, walimwalika kwao. Akaenda, akaimba nao usiku kucha. Kulipokucha watu wa ukoo wake wakamcheka, wakamtenga. Wala hakujuta.

Hapo niliona haya, nikainamia kitambaa nilichokuwa nikikipiga pasi. Mwaka jana aliingia bwenini mwetu mvulana ambaye baba yake hufanya kazi ya kutapisha vyoo. Wenzangu walimpa jina baya, wakakataa kula naye. Mimi sikumtukana, lakini nilikihamisha kitanda changu kilichokuwa karibu na chake. Kwa muda mrefu nilijiona sina kosa, kwa kuwa sikusema neno.

Muhula huu ulipofunguliwa nilikirudisha kitanda mahali pake, nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu." Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Siku ile ulipohama nilikuwa macho." Hakuongeza neno.

Sasa kila jioni tunafanya hesabu pamoja, naye hunishinda. Siwezi kusema kuwa tumekwisha kuwa marafiki, kwani jambo hilo si langu peke yangu kuliamua. Wengine wameanza kunicheka mimi pia, na mara ya kwanza iliniuma sana.

Ndugu wasomaji, mimi si mshairi, wala dini yangu si ya Narsinh. Lakini wahenga wetu walisema kuwa mwungwana ni vitendo. Nimejifunza kwamba hata aliyenyamaza ametenda, na aliyetendewa huona.