SHAMBA LA MILIMANI, SEHEMU YA 4: Bibi aliyekuwa anakata majani

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, watoto wako shule, sasa niwamalizie ile habari. Wengi mmeniuliza inbox, "Nesi, shamba mlinunua au hamkununua?" Subirini, leo nasema yote, hata ya kunitia aibu.

Mliosoma sehemu zilizopita mnakumbuka: tulikuwa tunatafuta ekari moja huku Lushoto, yenye nyumba ndogo na banda, tufuge ng'ombe wa maziwa. Baba Nuru akapata moja upande wa kuelekea Soni. Mzee mwenyewe mpole, bei milioni tisa, banda la mbao lipo, barabara ya gari inafika. Siku ile jua lilikuwa linawaka, bonde lote linaonekana, mimi nikaona tayari nakamua. Tukatoa laki tano ya kushikia, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mzee akaweka sahihi. Yeye peke yake. Wala sikuuliza.

Wiki mbili baadaye nikawa na mapumziko, na mvua za masika zimeanza. Nikajisemea, shamba la mlimani ulione siku ya mvua, siku ya jua kila shamba ni zuri. Nikaenda peke yangu na mabuti ya mpira.

Na kweli, njia ilikuwa mto. Lakini shambani maji yalikuwa yanashuka taratibu, hayabebi udongo. Nikaona kwa nini: mistari ya majani ya Guatemala imepandwa kukata mteremko, mmoja juu, mwingine chini, mpaka mwisho. Wa huku mnajua, haya ndiyo makingamaji yaliyohimizwa na mradi wa SECAP ulioanza Lushoto mwaka 1981. Yanazuia udongo, halafu unayakata unampa ng'ombe bandani, na samadi inarudi shambani.

Kwenye mstari wa katikati kulikuwa na bibi anakata majani, kajifunika kiroba kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umepotea njia?"

Nikamwambia sijapotea, sisi ndio tunanunua hapa. Akasimama na mundu wake. Akaniangalia muda mrefu.

"Mnanunua wapi?"

"Hapa hapa, bibi."

"Haya majani nimeyapanda mimi, mwanangu. Yule mkubwa nikiwa nimembeba mgongoni. Nani kawauzia?"

Jamani. Alikuwa mke wa yule mzee. Anaishi kwenye nyumba ile ile tuliyoikagua, siku tuliyokwenda alikuwa gulioni. Hajui kitu.

Nilirudi nyumbani nimelowa, nikamweleza baba Nuru. Akakasirika, na sikumlaumu, maana laki tano kwetu ni nyingi, nusu yake ilitoka kwenye kikoba changu. Akasema, "Hayo ni mambo yao ya ndani. Mwenye shamba ni mzee." Nikamwambia, baba Nuru, wodini mgonjwa mwenye akili timamu akiwa anaweza kusema, hatumpasui kwa ridhaa ya shemeji yake. Tunamuuliza yeye. Sasa hapa tunampasua bibi wa watu na hatujamuuliza.

Usiku sikulala. Nilikuwa namkumbuka mama yangu, baba alipofariki, baba zetu wadogo walivyokuja kupima shamba kwa hatua huku yeye bado kavaa kaniki. Tungenunua lile shamba, mimi ndiye ningekuwa nimekuja kupima.

Kesho yake tukaenda ofisi ya kijiji, jambo ambalo tulitakiwa kulifanya kabla ya kutoa hata senti moja. Tukaelekezwa vizuri. Shika haya, mama mwenzangu:

Moja, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Karatasi yetu ya daftari ilikuwa haina maana.

Mbili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Na ardhi ya kijiji haiuzwi kichochoroni, Halmashauri ya Kijiji lazima ihusike.

Tatu, hii ni yangu mimi: waite majirani wa mipaka yote, muone mke au mume wa muuzaji kwa macho yako, uliza na watoto wakubwa.

Bibi aliitwa, akakataa kuuza. Alisema kwa sauti ndogo tu, "Mimi nitakwenda wapi?" Mzee akainamisha kichwa. Alikuwa na deni, kumbe, na aliona haya kumwambia mkewe. Hela yetu amerudisha laki tatu mpaka leo. Mbili zilizobaki tumeacha kudai, na baba Nuru bado ananikumbusha kila tukiishiwa sukari.

Mwaka uliofuata tulipata nusu ekari tu, mbali zaidi na barabara. Mume na mke wote wawili walikaa mezani kwa mtendaji, wote wakaweka dole. Ilipofika zamu yetu nikasema majina yaandikwe mawili. Baba Nuru akacheka, "Kwani langu si lako?" Nikamjibu, "Leo ndiyo, baba. Andika mawili." Akaandika. Tunasubiri hati ya hakimiliki ya kimila.

Ng'ombe ni mmoja. Msidanganywe kwamba ni kazi nyepesi: mwenye kilo 400 anakula majani mabichi kilo 40 na zaidi kwa siku, na lazima mtu akate. Kabla ya banda, panda majani. Mbegu zangu za Guatemala alinipa yule bibi, mafungu mawili, akakataa hela.

Na kwa kuwa mimi ni nesi, siwaachi hivi hivi. Maziwa yachemshwe mpaka yapande, hata kama ng'ombe ni wako na unampenda. Maziwa mabichi yanaleta bruselosi na hata kifua kikuu. Mtoto chini ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake, na maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ziwa kabla hajatimiza mwaka.

Sehemu ya 5 nitaandika gharama za banda, shilingi kwa shilingi. Leo usiku nina zamu tena. Kabla hujalala, muulize mwenzako: karatasi za nyumba yetu zina majina ya nani?