Kilo Kwanza, Injini Baadaye

Ufundi nilijifunzia Mombasa, kwenye injini za boti. Nilipopanda bara na kuajiriwa Nairobi katika duka la ndege ndogo za rimoti, nilikuta injini unayoifumbata kiganjani. Ilikunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na plagi yake ikishawaka haikuhitaji tena umeme, kwani waya wa platinamu ulibaki mwekundu kwa joto la mwako wenyewe. Kuifungua na kuifunga nilizoea upesi. Kilichonichukua miaka ni kumshauri mteja.

Wengi walikuwa watu wenye uwezo: marubani, madaktari, wafanyabiashara. Walikuja na jibu mkononi: "Fundi, nipe kubwa kuliko zote." Nami niliwauliza, "Ndege yako ina kilo ngapi, mafuta yakiwemo?" Waliojua walikuwa wachache, ndiyo maana mizani ilikaa kaunta muda wote.

Injini hizo hupimwa kwa inchi za ujazo, nasi tuliziita kwa namba. "Arobaini" ni kama sentimita za ujazo 6.5, "arobaini na sita" ni 7.5, na "sitini" hukaribia 10. Ndege ya mwanafunzi, yenye mabawa ya mita moja na nusu na ushei na uzito wa kilo mbili na nusu, huandikiwa arobaini kwenye sanduku lake, na kule pwani arobaini inatosha. Nairobi mambo ni mengine. Mji uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi. Injini hukosa pumzi, propela hukosa cha kushika, na mabawa nayo hudai mbio zaidi ndipo ndege iinuke. Kwa hiyo niliwauzia arobaini na sita, ambayo mara nyingi hukaa kwenye matundu yaleyale ya arobaini, na propela ya inchi 11 kwa 5 badala ya 10 kwa 6. Kwenye mafuta niliongeza nitromethani kidogo, maana hiyo huja na oksijeni yake.

Kijana mmoja aliyekuwa akisomea urubani alitaka sitini kwa ndege ya namna hiyo.

"Mzee, nguvu zikizidi si nitazipunguza kwa rimoti?"

"Nguvu utazipunguza, mwanangu. Na uzito?"

Nikamweleza. Injini nzito huinamisha pua, nawe utatia risasi mkiani ili mizani irudi. Sasa mabawa yanabeba injini na risasi, na ndege inalazimika kutua kwa kasi ya kung'oa magurudumu. Mtetemo nao utaanza kulegeza gundi ya ukuta unaoishika injini. Alisikiliza, akaondoka na arobaini na sita.

Waliopenda mlio wa ndege halisi niliwapa injini ya mipigo minne. Hiyo, kwa ujazo uleule, ina nguvu pungufu, kwa hiyo mahali pa arobaini na sita niliweka sabini: huzunguka polepole, lakini husukuma propela kubwa zaidi.

Zilipokuja mota za umeme na betri za lithiamu, wenzangu walidhani hesabu zangu zimepitwa. Zilibadilika majina tu. Ndege ya mwanafunzi hutaka wati 150 hadi 200 kwa kila kilo, ya sarakasi 220 na zaidi. Mizani ikabaki kaunta.

Mwenye duka hakuufurahia utaratibu wangu, kwa kuwa injini kubwa ilikuwa na faida kubwa. Nilimwonyesha daftari la mauzo. Mteja ambaye ndege yake ya kwanza ilibaki nzima alirudi kununua ya pili. Aliyeivunja mapema, tulipomwona tena, alikuja kuuliza kama tunanunua rimoti iliyotumika.