Mikataba ya Mwisho wa Septemba

Kila ilipofika Agosti, ofisi yetu ya Njombe ilijaa minong'ono. Fedha za mradi wetu wa VVU zilitoka serikali ya Marekani, na mwaka wa fedha wa huko hufungwa tarehe 30 Septemba. Basi mikataba yetu sote, kuanzia dereva hadi meneja wa mkoa, ilikoma siku hiyo hiyo. Aliyekuwa na mkopo wa benki hakulala. Aliyekuwa mjamzito alipiga hesabu kuona kama siku zake 84 za likizo ya uzazi zingeangukia ndani ya mkataba au nje. Mfadhili alikuwa ameidhinisha mradi wa miaka mitano. Shirika letu ndilo lililoamua kutuajiri kwa mwaka mmoja mmoja, kwa sababu mkataba mfupi ukifika mwisho ni rahisi kuachana na mtu bila maelezo marefu.

Nieleze kwanza kwa nini tulibaki. Nyanda hizi za Njombe zilizika watu wengi kwa UKIMWI. Wilayani Makete, bibi mmoja aliweza kulea wajukuu waliotoka nyumba tatu za wanawe, zote zikiwa zimefungwa. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulianzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, na mwaka uliofuata dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure katika hospitali zetu nchini. Hata baada ya hapo kazi ilikuwa kubwa: utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba Njombe iliongoza kwa maambukizi, asilimia 11.4 ya watu wazima. Nimemwona mtu aliyeletwa kliniki kwa machela, halafu msimu uliofuata nikamkuta shambani kwake akipanda viazi, ananisalimu "Kamwene" kwa sauti ya mtu mzima wa afya. Ukishaona hivyo, huiachi kazi hiyo kirahisi. Wakubwa wetu walilijua hilo, na walilitegemea.

Uti wa mgongo wa mradi hatukuwa sisi wa ofisini. Walikuwa WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU ambao walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenzao walioacha dawa. Mmoja wao, mama wa makamo huko upande wa Makete, alipanda milima ile kwa miguu, mvua za Machi zikiwa zimeigeuza njia kuwa utelezi mtupu. Mgonjwa akipitisha siku 28 tangu tarehe ya miadi bila kuchukua dawa, kwenye mfumo alihesabiwa mtoro, na idadi ya watoro hao ilipelekwa juu mpaka kwa mfadhili. Kwa hiyo mama yule alipigiwa simu asubuhi, mchana na jioni. Posho yake ilikuwa ndogo kuliko ujira wa kibarua cha kuchuma chai, na mara nyingi ilichelewa miezi miwili. Nauli ya bodaboda alitoa kwanza mfukoni mwake, akaleta risiti, akasubiri. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, naenda kumtazama mgonjwa, yeye ndiye ananifungia viazi nikale na wanangu. Sasa nani anamhudumia mwenzake?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nililipeleka swali lake kwenye kikao cha mwezi kama lilivyo.

Meneja alinisikiliza, kisha akasema, "Dada, hapa hatukuja kutafuta utajiri. Mfikirie mgonjwa." Kikao kikanyamaza. Nimelifikiria sana jibu lile. Mama yule alikuwa mgonjwa pia, mwenye kadi ya CTC, kliniki ya dawa za VVU, kama wale aliowatafuta, na hakuna aliyemfikiria. Maneno "mfikirie mgonjwa" yalitumika kila penye dai: kwa afisa aliyeomba kulipwa kazi za Jumamosi, kwa dereva aliyeendesha kutoka Dar es Salaam hadi Njombe bila kupumzika, kwa mhasibu aliyefunga ripoti ya robo mwaka usiku wa manane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya ziada ya mara moja na nusu. Sheria hiyo haina kifungu kinachomwondoa mwajiri mwenye nia njema.

Tangu Oktoba 2016, nchi ilipoanza utaratibu wa Pima na Tibu, kila aliyegundulika alitakiwa aanze dawa mara moja. Uamuzi huo uliokoa watu, naushangilia hadi leo. Lakini malengo ya kupima, kuanzisha na kubakiza wagonjwa yalikua mwaka hadi mwaka, watumishi wakabaki walewale. Kundi la WhatsApp la ofisi lilikuwa na jedwali la wilaya lililopakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Wilaya nyekundu ilitajwa mbele ya wote. Nilimwona kijana mwenye shahada, mchapakazi, akitetemeka mikono kabla ya simu ya kila Ijumaa ya kukagua jedwali hilo.

Uongozi ulileta dodoso la maoni ya wafanyakazi, na tukaambiwa ni la siri. Swali la kwanza lilikuwa wilaya, la pili jinsi, la tatu cheo. Ludewa tulikuwa na afisa mmoja tu wa kike. Alijibu yote "naridhika sana", na majibu ya namna hiyo yakaonyeshwa kwenye mkutano wa mwaka, hotelini, kama ushahidi wa utulivu wa shirika.

Wenzangu walianza kuzungumza habari ya tawi la chama cha wafanyakazi. Ni haki iliyoandikwa katika sheria hiyohiyo, wala hatukuficha. Mwenzetu aliyepitisha fomu hakuongezewa mkataba Oktoba iliyofuata, baada ya kuongezewa kila mwaka bila doa. Wengi walimshauri akae kimya ili asiharibu jina lake kwa mashirika mengine. Hakukubali. Alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla siku 30 za kufungua shauri hazijapita, akasimamia kanuni za ajira za 2007 zinazosema kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya kutarajia mkataba mpya akinyimwa, anaweza kudai ameachishwa isivyo haki. Shirika lilimaliza naye kwenye usuluhishi kwa mishahara ya miezi kadhaa. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Lakini tulioendelea kubaki tulijua kwamba ile barua ya Septemba ya kutoongezewa mkataba inaweza kupingwa, na ujuzi huo ulibadilisha namna tulivyokaa vikaoni.

Mabadiliko yenyewe yaliletwa na meneja aliyekuja baadaye, mama aliyewahi kuwa muuguzi wa wodini. Wiki zake za mwanzo alitufungulia bajeti ukutani, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Tuliona kwa macho yetu kiasi kilichokwenda kwenye kumbi za mikutano, vyumba vya hoteli na fulana za maadhimisho. Alifuta mikutano miwili, na nauli za WAVIU washauri zikaanza kutolewa kabla ya safari. Mfadhili hakukataa, kumbe kabla ya hapo hakuwahi kuulizwa. Simu ya Ijumaa aliigeuza ikawa ya kuuliza kila wilaya imekwama wapi na inahitaji nini. Kazi ilibaki ngumu, lakini watu waliacha kutafuta matangazo ya kazi wakati wa chakula cha mchana.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye barua ya kusitisha kazi ilitufikia, tukarudisha magari na kompyuta. Kibali cha huduma za kuokoa maisha kilikuja baadaye, lakini kwa wengi wetu ajira ilikuwa imekwisha. Mama wa Makete alinipigia simu wiki ile. Hakuuliza habari za posho, ingawa alikuwa anatudai. Alitaka orodha ya wagonjwa wenye miadi ya Februari, kwa kuwa vishikwambi vilikuwa vimekusanywa na majina yamo humo. Nilimwelekeza kwa muuguzi wa kituo, akaenda kuwafuata kwa miguu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 2024, serikali yetu ilikuwa imezindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Ninawaomba wanaousimamia, na mashirika yatakayousaidia, wawape wahudumu hao mkataba wa maandishi, walipwe kila mwezi bila kukosa, na nauli itangulie safari. Na mama yule wa Makete, pamoja na wenzake wote wanaodai, walipwe posho zao kwanza.