Nyumba za Mwitongo

Ukitoka Mwanza kwa basi la asubuhi na kuipita Bunda, Serengeti ikiwa kulia na ziwa kushoto, utafika Makutano, na hapo ndipo pa kuchagua. Kushoto ni Musoma, mji ulio kando ya maji ya Ziwa Victoria. Kulia ni Butiama. Mwaka 1934 mtoto wa chifu aliifuata njia hii akitokea upande wa pili, akielekea Shule ya Mwisenge kule Musoma, umbali wa kilomita 40 hivi. Jina lake Kambarage. Nilikata kulia, nikaone alikotoka.

Mwitongo, hapa Butiama, kwa Kizanaki ni mahame: mahali palipokuwa na mji wa watu zamani. Hapa Chifu Nyerere Burito alikuwa na wake 22, kila mmoja na nyumba yake kama ilivyokuwa desturi. Mgaya wa Nyang'ombe alikuwa wa tano, na katika nyumba yake, Aprili 1922, alizaliwa Kambarage, ndiye Julius Nyerere. Nyumba zile za udongo na nyasi hazipo. Yaliyobaki ni majabali, makubwa kuliko nyumba yoyote, yamekaliana kama yaliyopangwa na mtu. Nilitia kiganja juu ya moja saa sita mchana, nikakiondoa haraka kwa moto wake. Pimbi wawili walinichungulia kutoka kwenye ufa, wakatulia. Wao ndio wenyeji.

Lakini nyumba iliyonigusa kuliko zote ni ile ya matofali. Julius alisoma Edinburgh kuanzia 1949, mji wa nyumba za mawe zilizoshikana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima kama jengo moja. Aliporudi Oktoba 1952, na shahada yake, alishika mwiko akakoroga udongo na saruji kwa mikono yake, akijenga nyumba hapa Butiama ya kumpokelea mchumba wake, Maria. Majirani walishangaa: msomi wa Ulaya anajipaka matope? Januari 1953 wakafunga ndoa Musoma. Miaka mingi kabla ya siasa yake ya kujitegemea kuandikwa, mikono yake ilikwisha kuitenda.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi nyumbani kwake hapahapa, akalima. Nyumba kubwa aliyozawadiwa na Jeshi la Wananchi aliikalia kwa muda mfupi tu kabla ya kwenda kutibiwa London, ambako alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Sasa amelala uani kwake, karibu na makaburi ya wazazi wake. Hatua chache ukishuka kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka huohuo.

Ndiyo maana nakusihi usifike Butiama kwa haraka ya kupiga picha kaburini na kuondoka. Zunguka. Kaa chini ya jabali kivulini, uzihesabu nyumba: ya mama ambayo haipo, ya matofali ya bwana harusi, ya mkulima mstaafu, ya zawadi ya jeshi, na ile ya mwisho isiyo na dirisha. Zote zilijengwa katika umbali wa kutembea kwa miguu. Mtu aliyeongoza nchi nzima hakuhitaji kwenda mbali na mahame ya baba yake ili apate pa kukaa.