Nilimvuta Muzee kwa Fimbo Yake

Leo ninaeleza kosa langu mwenyewe, mtu asiseme wachungaji wanahubiri wengine tu.

Katika kanisa letu, upande wa Kasongo, kuna muzee mmoja kipofu. Macho yake yaliharibiwa na upofu wa mito. Ugonjwa huu tunaujua huku Kasongo na Kabambare: inzi mdogo mweusi anazaa penye maji ya mbio, anauma watu mchana, anaingiza vidudu mwilini, na kiisha miaka mingi macho yanakufa. Kila siku ya Mungu nilikuwa nakamata ncha ya fimbo ya muzee, namvuta mpaka kwenye benchi. Nikitaka habari zake, nilimwuliza mjukuu: «Muzee amelala vizuri?» Na yeye yuko palepale, anasikia! Nilifikiri huo ndio upendo.

Halafu nikaenda Kabambare, upande wa Salamabila, kutembelea vijana wetu wanaochimba dhahabu. Wakanialika niingie shimoni, nione kazi yao. Tukashuka mbali. Mara taa yangu ikazimika. Kijana aliyeniongoza akasema: «Baba, ngoja hapa, ninaleta ingine.» Akaenda.

Ndugu zangu, usiku wa kijijini si giza. Kuna nyota, kuna moto wa jirani. Mule shimoni niliweka mkono mbele ya uso wangu, sikuona kitu. Maji yalidondoka, sikujua kama ni mbele ao nyuma. Mtu mmoja akapita, akanikamata mkono, akanivuta bila kusema neno. Alitaka kunisaidia, lakini mimi nilitetemeka, goti likagonga jiwe, karibu nianguke. Kiisha mwingine akafika, akataja jina lake, akasema: «Baba pastere, weka mkono begani mwangu. Mbele kuna mti chini, inua mguu.» Giza ni lilelile, lakini woga ukapungua. Palepale nikakumbuka muzee na fimbo yake.

Niliporudi nikamwomba msamaha. Akacheka sana. Akasema: «Pastere, giza lako lilikuwa la kidogo, ndiyo maana lilikushinda. Mimi njia ya kanisa ninaijua kwa miguu. Kinachonisumbua ni mtu kunivuta kama mbuzi, na benchi kuhamishwa bila kuniambia.»

Sheria ya Musa inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu (Walawi 19:14). Na Yesu hakumvuta Bartimayo. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Marko 10). Basi, tukikutana na kipofu, tutaje jina letu. Tumwulize kama anataka msaada. Tumpe bega ao kiwiko, tusikamate fimbo yake. Tuseme naye mwenyewe.

Wazazi, wanaogawa dawa ya Mectizan wakifika kijijini na kijiti chao cha kupima urefu, msikimbie. Ni mara moja kwa mwaka, na tangu 1987 wenye kuitengeneza waliahidi kuitoa bure. Inalinda macho ya watoto wenu. Lakini hairudishi macho yaliyokwisha kufa. Wazee wetu vipofu tunakaa nao, na heshima yao ni deni letu.

Sasa siku ya Mungu muzee ananishika bega, tunaingia pamoja. Mara nyingi ni yeye anayeniambia: «Pastere, angalia, hapa kuna shimo.»